Kamio iliyolala miaka mingi: namna ya kuiamsha bila kuiua

Hapa Kamina, kule Sanga na katika vijiji vingi vya Haut-Lomami, kamio ya zamani iliyolala chini ya muembe si kitu cha kushangaza. Papa mwenye kamio alikufa, ao piesi ilikosekana, ao barabara iliharibika, ao vita ilipita. Kamio ikabaki pale pale. Watoto wakaifanya mahali pa mchezo, kuku wakataga chini ya kiti cha shofere. Kisha mwaka mmoja mahindi yanatoka mengi, bei ya kukodi kamio ya mtu mwingine inapanda, na jamaa inakaa chini kuulizana: ile ya papa haiwezi kutembea tena?

Mara nyingi inaweza. Moteri za dizeli za wakati ule zilitengenezwa kwa chuma kizito, na chuma kinavumilia. Lakini makamio mengi hayafi juu ya miaka yaliyolala. Yanakufa siku ile watu wanakuja kuyaamsha. Wanaazima batri, wanagusa demarere, wanasukuma wakiimba, na kwa dakika tano wanavunja kitu kilichokuwa kimevumilia miaka 20. Na kati ya yale yanayoamka, mengine yanaua watu, kwa sababu moteri ilinguruma, kila mtu akafurahi, na hakuna aliyeuliza habari ya freni.

Makamio gani haya?

Kamina yenyewe ilikua juu ya reli. Reli ya kampuni ya BCK, ambayo leo iko mikononi mwa SNCC, ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo. Mwaka 1956 njia ya Kamina kwenda Kabalo nayo ikamalizika. Lakini reli haipiti shambani. Mahindi, muhogo, pamba ya zamani, samaki wa maziwa ya Upemba, vyote hivyo vilipaswa kutoka kijijini hadi gare kwa barabara, na hiyo ilikuwa kazi ya makamio. Upande wa Kasai na Sankuru kulikuwa hata kampuni nzima ya kazi hiyo, Messageries Automobiles du Sankuru, ambayo wazee wanaikumbuka kwa herufi tatu tu: MAS.

Kati ya makamio ya zamani, inayojulikana kuliko zote ni Mercedes ya pua fupi ya mviringo, ambayo ilianza kutoka Ujerumani mwaka 1959. Namba iliyo mbele yake inasema yenyewe kamio ni ya namna gani. Kwa 1113, namba 11 ni uzito wote unaoruhusiwa, tani 11, kamio pamoja na mzigo wake. Na 13 ni nguvu ya farasi, ukiizidisha mara kumi: 130. Kwa 911 ni tani 9 na farasi 110. Kuna jambo watu wanalosahau: tani 11 si mzigo. Toa uzito wa kamio yenyewe na karoseri yake, utaona kinachobaki kwa magunia ni kidogo kuliko kile wanachopakiza kila siku.

Ndani ya 1113 kuna moteri inayoitwa OM 352, silinda sita zilizopangwa kwa mustari mmoja, litri 5.7. Iliundwa pia Brazili, Argentina na Irani, na ndiyo sababu mpaka leo piesi zake zinapatikana katika miji mikubwa, wakati makamio mengine ya umri huo hayana hata filtri. Mwenye Magirus-Deutz yuko na hali nyingine: moteri yake haina radiatere, inapozwa na upepo wa fani. Tutaiona mbele.

Juu ya nini watu wa porini wanaipenda moteri ya namna hii? Kwa sababu haina kompyuta. Inaivuta hewa, inaikandamiza mara 17 hivi mpaka inawaka moto wa kuchoma mazutu, basi. Hakuna buji, hakuna sensa. Ikishaamka inaweza kutembea mchana mzima hata batri ikiwa imetolewa. Kamio mpya ikigonjwa inaomba fundi mwenye valizi ya elektroniki. Ya zamani inaomba mtu mwenye ufunguo, masikio na subira. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana.

Kabla ya ufunguo, karatasi

Inaweza kuonekana ajabu kuanza na karatasi, lakini hapa ndipo jamaa nyingi zinaharibikia. Mtoto mmoja anatoa pesa zake, anafufua kamio ya marehemu, na siku ya kwanza inaposimama sokoni ikiwa na mzigo, ndugu wanatokea kila upande. Sheria ya familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, inaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, na inawapa robo tatu ya urithi. Ile robo nyingine ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Kwa hiyo kamio ya papa si ya mtoto mkubwa peke yake, wala si ya yule mwenye pesa. Kabla ya kufungua bulo moja, jamaa ikae, iandike kamio ni ya nani, nani anatoa kiasi gani, na atarudishiwa namna gani. Karatasi yenye sahihi za wote, na mashahidi wawili, ni bei ndogo kuliko kesi.

Tena tafuta karte roze. Namba ya shasi iliyoandikwa kwenye karatasi ilingane na ile iliyogongwa kwenye chuma. Kama hailingani, ao karte roze ilipotea na plake ni ya wakati wa Zaire, mtu aende kuuliza serkalini kwanza. Kutia pesa kwenye kamio ambayo haitaruhusiwa kupita kizuizi cha kwanza ni kutupa pesa.

Kulala vizuri na kulala vibaya

Mashine ikiachwa, yote yanategemea namna ilivyoachwa. Mfano mkubwa kuliko yote katika eneo letu uko kwenye ziwa Tanganyika, na watu wa Kalemie wanaujua: meli Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaivunja vipande vipande, wakaileta katika masanduku hadi Kigoma, na ikashuka majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka ule ule Waingereza walipitisha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, hapa hapa Katanga: kutoka Fungurume zilivutwa nchi kavu na mashine za mvuke na ng'ombe hadi Sankisia, kisha reli hadi Bukama, kisha mto Lualaba hadi Kabalo, kisha reli tena hadi ziwani. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaondoka Kigoma, waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini wale mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walipaka kwanza mashine zake grese nzito. Waingereza walipoitoa chini ya maji mwaka 1924, mashine na mabwela yake yalikuwa yangali ya kutumika, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Miaka minane chini ya ziwa, na mashine ikapona juu ya grese. Kamio ya chini ya muembe haikuzamishwa, lakini kwa kawaida hakuna aliyeipaka kitu. Iliegeshwa siku moja kwa kufikiri kwamba kesho itatengenezwa.

Vitabu vya mafundi wa Ulaya vinaonya sana juu ya barafu, maana maji yakiganda ndani ya moteri yanapasua chuma. Hapa Kamina barafu hakuna. Adui wetu ni mvua inayoingia kupitia bomba la moshi lililoachwa wazi, mchwa, panya wanaokula nyaya, nyigu wanaojenga udongo ndani ya kila tundu, na jirani anayekuja usiku na ufunguo namba 17. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzunguka kamio na karatasi na kalamu, kuandika kile kilichopo na kile kilichoondoka. Kama pompa ya mazutu imekwisha kuibwa, hesabu inabadilika kabisa, maana ndiyo piesi ya bei kubwa kuliko zingine nje ya moteri. Kama shasi imeoza ao imepasuka karibu na resori, afadhali kamio iuzwe kwa piesi.

Moteri: usiguse demarere

Kila mara kuna kijana mmoja anayesema: "Papa, tuguse tu kidogo tuone." Mwenye kamio akatae. Sababu ziko tatu.

Ya kwanza ni kutu. Moteri ikisimama, siku zote kuna silinda moja ao mbili ambazo supape zake zimebaki wazi. Kupitia pale unyevu wa masika unaingia, na segmenti za pistoni zinashikana na ukuta wa silinda kama chuma kimoja. Demarere ikilazimisha, segmenti zinavunjika na kukwaruza silinda. Ya pili ni maji. Kama mvua imeingia ndani ya silinda na imekaa juu ya pistoni, hayo maji hayakandamizwi. Pistoni inapanda, inakuta ukuta wa maji, na kinachopinda ni biele. Ya tatu ni ukavu. Mafuta yote yalishuka chini miaka iliyopita. Mhimili wa moteri uko chuma kwa chuma, na sekunde chache za kuzunguka haraka bila mafuta zinakula kusineti zake.

Kwa hiyo fundi mwenye akili anaanza kwa kufungua. Anasafisha kwanza vumbi lote kuzunguka enjektere, maana mchanga ukianguka ndani hautoki tena. Anatoa enjektere zote sita. Katika kila tundu anamimina mchanganyiko wa mafuta ya moteri na petroli ya taa ao mazutu, nusu kwa nusu, kama glasi ndogo moja. Kisha anaenda nyumbani. Siku tatu, wiki moja, kama ni lazima wiki mbili, akiongeza kidogo kila inapokauka. Hapo ndipo wengi wanashindwa, kwa kuwa jamaa imekwisha kukusanyika na inataka kuona kitu.

Wakati wa kungoja kuna kazi nyingine. Fungua kapaki ya juu, tazama supape. Kila moja ibonyezwe kwa nguvu ya mkono na kipande cha chuma. Ile isiyorudi juu yenyewe imeshikwa na kutu, itiwe mafuta na kubembelezwa mpaka itembee. Ukizungusha moteri na supape iliyoshikwa, fimbo yake itapinda. Fungua pia bulo ya vidanji chini. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yatatoka ya kwanza. Yakitoka mengi, jointi ya kulasi ao kulasi yenyewe iko na shida, ama mvua iliingia sana. Usidharau jambo hilo.

Baada ya kungoja, moteri inazungushwa kwa mkono: ufunguo mkubwa kwenye bulo ya mbele ya mhimili, na bomba refu la kuongeza nguvu, lakini mtu mmoja tu, hapana watu wanne. Nusu sentimeta mbele, nusu sentimeta nyuma. Kama inasogea kidogo na kurudi, kutu inaachilia. Kama inazunguka vizuri kisha inagota ghafla mahali pale pale kila mara, simama: hiyo ni chuma kinachogonga chuma, na nguvu haitasaidia. Toa kulasi utazame.

Ikizunguka mizunguko miwili mizima bila kugota, jamaa inaweza kupiga makofi kidogo. Tia filtri mpya na mafuta mapya, na sasa tu ndipo demarere inaruhusiwa, enjektere zikiwa bado nje. Moteri itazunguka nyepesi, itatema uchafu kupitia matundu (hakuna mtu wa kuinamia hapo na uso), na mafuta yatapanda. Endelea kwa vipindi vifupi mpaka sindano ya mafuta kwenye tablo ionyeshe, ao mafuta yaonekane juu kwenye supape. Kisha rekebisha nafasi za supape. Kwa OM 352 moteri ikiwa baridi ni milimeta 0.20 kwa supape za kuingiza na 0.30 kwa zile za kutoa, na silinda zinawaka kwa utaratibu wa 1-5-3-6-2-4.

Mwenye Deutz afanye hayo yote, kisha atoe mabati yanayoongoza upepo na asafishe mapezi ya kila silinda. Udongo wa nyigu na majani yaliyoziba pale yatachoma moteri nzuri kabisa kwa safari moja. Na mukanda wa fani uwe mpya, na mwingine wa akiba ndani ya kabini. Kwa moteri isiyo na maji, mukanda ukikatika shofere anazima moteri mara moja, hangojei kufika kijijini.

Mazutu na ile pompa

Mazutu ya zamani imwagwe yote, isiokolewe hata litri moja. Tangi lishushwe, litiwe changarawe ao munyororo pamoja na mazutu kidogo, litikiswe na kuzungushwa mpaka kutu itoke. Tangi likitoboka, lisipelekwe kwa mtu wa kuchomelea kabla ya kuoshwa vizuri na kujazwa maji karibu yote. Mvuke uliobaki ndani unalipuka kama bomu, na mwenye kuchomelea ndiye aliye karibu.

Pompa ya mazutu ni piesi ya heshima. Vipistoni vyake viko na nafasi ya milimeta 0.002 hadi 0.004 hivi kati yao na ukuta. Maji kidogo yanatosha kuviharibu. Kama kuna mtu Lubumbashi mwenye meza ya kupimia pompa na enjektere, nauli ya treni kuzipeleka si hasara. Kama hakuna pesa za hilo, kuna jambo moja ambalo haliwezi kurukwa: fungua kifuniko cha pembeni, hakikisha kwamba kremaliere, ile fimbo inayoongeza na kupunguza mazutu, inateleza kwa kidole. Ikiwa imeshikwa mahali pa mazutu mengi, moteri itaamka na kupanda mizunguko bila mtu kuweza kuizima, mpaka ipasuke. Dizeli haizimwi kwa ufunguo wa kontakti tu. Kwa hiyo siku ya kuamsha, mtu mmoja mtulivu asimame karibu na tundu la hewa na ubao laini wa kutosha kulifunika. Ikikimbia, afunike na ubao, hapana mkono. Ikikosa hewa itakufa.

Enjektere zinapopimwa nje, mkono uwe mbali. Mazutu inatoka pale na nguvu ya kupenya ngozi kama sindano, na kidonda chake kinaonekana kidogo lakini ni cha kwenda hospitali siku ile ile.

Kutoa hewa ni kazi ya mwisho: pompa ya mkono, bulo ya filtri ikilegezwa mpaka mapovu yakome, kisha pompa, kisha mirija moja moja. Mara nyingi watu wanasema "moteri imekataa" kumbe ni hewa tu imebaki.

Radiatere, mipira ya maji, nyaya na batri, hayo kila fundi anayajua. Ila kabla ya kuunganisha batri, angalia kama kamio ni ya volti 12 ao 24, na nyaya zilizokulwa na panya zibadilishwe, zisifungwe plastiki juu.

Freni kabla ya shangwe

Moteri ikiamka kuna furaha, na furaha hiyo ni hatari. Moshi mweupe utatoka dakika za kwanza, na mwingine wa bluu wa yale mafuta yaliyomiminwa. Ukipungua moteri inapopata moto, hakuna shida. Sindano ya mafuta isipopanda kwa sekunde chache, zima. Lakini sasa kila mtu anataka kupanda, na kamio haina freni.

Isitembee hata mita kumi. Kwenye 1113, freni ni ya mchanganyiko: pedali inasukuma mafuta ya freni, na hewa iliyokandamizwa inaongeza nguvu ya mguu. Pande zote mbili zinaoza. Upande wa hewa, tangi zimejaa maji, zifunguliwe chini zimwagwe. Kisha pakaza maji ya sabuni kila mahali pa kuungana, mapovu yatakuonyesha wapi hewa inatoroka. Hewa ikikwisha njiani, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mguu wa mtu hautoshi kusimamisha tani kumi na moja.

Upande wa mafuta, kila tamburi itolewe, magurudumu yote, hata yale magumu. Ndani utakuta silinda ndogo zilizoshikwa na kutu na mipira yake imekuwa kama kauchu ya kiatu cha zamani. Mipira hiyo yote inabadilishwa, na mirija laini inayoenda kwenye magurudumu nayo inabadilishwa hata kama kwa macho inaonekana mizuri, kwa kuwa inaoza kutoka ndani. Ganitire zilizolowa mafuta hazikaushwi kwa moto, zinatupwa.

Jina "mafuta ya freni" linadanganya watu. Si mafuta. Ni dawa ya namna yake, isiyopatana hata kidogo na mafuta ya moteri wala mazutu: yakitiwa pale, mipira inavimba na freni inashika yenyewe ao inakufa kabisa. Wako pia wanaotia maji ya sabuni. Yanafanya kazi kwenye uwanja wa garaji, kisha mteremko wa kwanza unayachemsha, yanageuka mvuke, na pedali inashuka mpaka chini bila kusimamisha kitu. Katika barabara zetu kamio haibebi magunia tu. Juu ya magunia kuna mamama na watoto wao, wanafunzi, wagonjwa. Mwenye kamio asiye na pesa za mipira ya freni hana bado pesa za kutembeza kamio, na afadhali ingoje kipwa kingine.

Mapine nayo yana umri. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2308 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2008. Zikiwa tatu tu, pine ni ya kabla ya mwaka 2000, na haifai kubeba kitu isipokuwa maua mbele ya nyumba. Na janti za makamio haya nyingi ni zile za serkle, yaani kuna duara la chuma linaloshikilia pine. Serkle iliyokaa vibaya ao yenye kutu inaruka wakati wa kujaza hewa, na inaua. Watu wa kujaza pine wafunge janti na munyororo wenye nguvu ao waitie chini ya shasi, serkle ikitazama chini, na wasimame mbali na mupira mrefu. Mtoto asiwe karibu.

Safari za kwanza

Ambreyaji iliyolala miaka mara nyingi imegandana. Moteri ipate moto kwanza, kisha pedali ikanyagwe kwa vipindi kamio ikiwa juu ya viti vya chuma, kwa kawaida inaachilia yenyewe.

Safari ya kwanza iwe tupu, mahali pa tambarare, bila abiria. Shofere ajaribu freni mara kumi kwa mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kujaribu kwa mwendo mwingine. Akirudi aguse kila tamburi: ile yenye moto kuliko zingine inashika, ile ya baridi kabisa haifanyi kazi. Safari ya pili nusu ya mzigo. Baada ya masaa kama 50 ya kazi mafuta ya moteri yamwagwe tena pamoja na filtri, hata kama yanaonekana mazuri, kwa kuwa yamebeba kutu yote iliyokuwa ndani. Bulo za magurudumu, za resori na za volani zikazwe tena siku ile ile. Filtri ya mazutu itaziba mara mbili ao tatu mwanzoni. Shofere abebe akiba.

Kule Nairobi wako watu wanaopaka rangi motoka za zamani na kuzing'arisha kwa mashindano ya Concours d'Elegance. Hapa rangi inakuja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa. Hakuna ubaya.

Na kama barabara itafungwa na masika, kamio ikabaki nyumbani miezi minne, ilazwe kama watu wa Liemba walivyofanya: mafuta mapya ndani ya moteri, tangi lijazwe ili unyevu usipate nafasi, batri itolewe ndani ya nyumba, shasi iinuliwe mapine yasibebe uzito, na kopo la maziwa lifunikwe juu ya bomba la moshi.